Nyumbani Kwetu Hatukutembea kwa Vidole

Enzi zetu pale Kingi, mtoto aliweza kuvunja chungu cha mama yake na akasamehewa kabla ya jua kuzama. Aliweza kudokoa sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyopikiwa wageni, au kurudi kutoka masomo na kiatu kimoja, na mambo yakaishia kwenye kelele tu. Lakini mtoto aliyeonekana anatembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba, huyo alichapwa mpaka majirani wakaja kumwombea. Wenzangu wa rika langu mliokulia milima ya Masisi mnajua ninachosema, na ninyi wengine nitawaeleza.

Raha zilikuwepo, nisidanganye. Tulicheza nzango baada ya masomo, wasichana pande mbili tukitazamana, mikono ikipiga makofi na miguu ikirushwa mbele, mpaka vumbi likatufanya wote tufanane. Tulichoma mahindi kwenye majivu, tukala maharagi mapya yaliyochemshwa pamoja na viazi, na mwenye ng'ombe jirani akitugawia maziwa tulikunywa kikombe kimoja kwa zamu huku tukichungana makoo. Watoto wa leo wanapewa biskuti, wanaigeuza kwanza waone kama ina krimu ndani. Siku ya Bwana mimi nilikuwa mmoja wa wale wasichana wadogo wanaocheza kuzunguka altare wakati wa misa, wale tunaowaita joyeuses. Sketi yangu nyeupe ilishonwa kutoka pazia la zamani, na ua la pazia lilinikalia hasa pale nilipokalia. Nilijiona malkia hata hivyo.

Mama yangu alikuwa akikaa kwenye benchi la mbele ananitazama, na tukirudi nyumbani aliniambia, "Kule kanisani cheza vile unapenda. Huku mu nyumba, kisigino chini."

Sababu yake ni hii. Barabara yetu nzima ilikuwa na alama moja ya kukimbia. Ukipiga kelele, watu wenye bunduki wanajua mko wapi. Ukikimbia ovyo, watoto wadogo wanalia. Basi yeyote aliyewaona wanashuka mlimani aliingia nyumbani kwa ncha za vidole, mdomo umefungwa, akapita moja kwa moja mpaka mlango wa nyuma. Aliyemwona hakuuliza kitu. Alisimama, akachukua mzigo wake, akafuata, na jirani akiona hivyo naye alifanya vilevile. Kila mtu alikuwa na mzigo wake tangu anajua kutembea. Dada yangu mkubwa alibeba sufuria, mimi chumvi na kiberiti, mama blanketi na yule wa mgongoni. Mtoto aliyefanya mchezo na vidole alikuwa anachezea shingo za watu, ndiyo maana fimbo haikuwa na huruma.

Mchana mmoja nilikuwa jikoni natafuna mahindi, mama akapita mbele yangu kwa vidole. Sijasahau nyayo zake zilivyokuwa nyeupe kwa majivu, wala jinsi sakafu haikutoa sauti hata kidogo. Niliacha mahindi palepale. Tulitembea mpaka misitu ya Walikale, tukapokelewa na familia ya wawindaji ambao hatukuwa tumewahi kuwaona. Walitupa ndizi na nyama ya porini, wakatuonya kwamba ngoma za wazee wao zikianza kulia, wanawake na wasichana wakae ndani, na sisi tulikaa bila hata kuchungulia. Tulikuwa tumezoea kutii. Tuliporudi Kingi tulikuta nyumba haina milango, lakini sote tulikuwa hai, na mama alisema ni vidole vilivyotuponya. Tangu siku ile mimi naogopa miguu isiyolia. Mtu mzima nilivyo, mgeni akiingia na soksi mkono wangu unatafuta chumvi na kiberiti.

Sasa fikirieni Mungu anavyocheka. Mimi leo ndiye mama, katika nyumba ileile. Mama yangu amekuwa Koko, bibi wa watoto wangu, meno yamepungua lakini amri hazijapungua. Na binti yangu wa kwanza, Sifa, amependa ngoma moja tu kati ya ngoma zote za dunia: bale, ile ya kunyoosha mgongo na kusimama juu ya vidole.

Aliyemletea ni Madame Aline, mwalimu aliyekuja kufundisha Masisi kati, na ambaye alijifunza bale alipokuwa msichana huko Kinshasa. Jumamosi anawakusanya wasichana katika sale, ule ukumbi wa parokia, wanashika migongo ya mabenchi, wanakunja magoti na kuyanyoosha huku yeye anahesabu kwa Kifaransa. Sifa alienda mara moja kuangalia, akarudi akiwa na homa ya jambo hilo. Alikata mikono ya sweta kuukuu akajitengenezea viatu. Alinyoosha mguu akiwa anachambua maharagi, alinyoosha mguu akiwa anasali.

Basi nikamsindikiza, ningefanya nini. Kutoka Kingi mpaka Masisi kati si mbali, lakini njia ina kona, na kila kona mimi nina hofu nayo. Nilikuwa nasalimia watu kwa sauti kubwa kutoka mbali ili nijue mapema ni akina nani. Sifa yeye alienda mbele anarukaruka, un, deux, trois, kama njia imefagiliwa kwa ajili yake. Kwenye sale nilikaa nyuma na mdogo wake mgongoni, na nasema ukweli, wakati wazazi wengine wanaangalia watoto wao, mimi niliangalia mlango.

Siku moja Madame Aline alinifuata pale nyuma. "Mama Sifa," akasema, "huyu mutoto iko na mugongo muzuri sana. Lakini Jumamosi peke yake haitoshe. Ata nyumbani afanye, kila siku. Asipande juu kabisa, mifupa yake ingali teketeke. Nusu ya vidole tu."

Nikaitikia, oui Madame, nikiwa na furaha ya mzazi aliyesifiwa. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Haikupita wiki. Ilikuwa mchana, mvua imekatika, mimi nageuza bugali. Sifa akapita mlangoni kwa ncha za vidole. Mdomo umefungwa. Macho mbele. Mikono ameiachanisha kidogo na mwili. Akapita moja kwa moja kuelekea mlango wa nyuma.

Sikufikiri kitu. Miguu yangu ilijua kabla yangu. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikafunika bugali mbichi nikaibeba na sufuria yake, na Koko alikuwa tayari ametoka na blanketi, yeye ambaye asubuhi alisema hawezi kusimama kwa ajili ya magoti. Nilimshika Sifa mkono nikamvuta. Jirani yetu Papa Bauma, mzee mwenye kimo kirefu na kikohozi, alituona akafuata na redio yake kifuani. Nyuma yake wakaja wengine, hakuna anayeuliza, hakuna anayekohoa, hata Papa Bauma. Barabara nzima ilihamia kwenye migomba ya bondeni nyuma ya nyumba kwa muda mfupi kuliko wa kusema Baba Yetu.

Tukajikunyata pale chini ya majani yanayodondosha maji. Sifa alikuwa analia, machozi yanamtoka bila sauti, maana naye tumemfundisha. Nikamsogelea sikioni.

"Uliona nani?"

"Miye? Sikuona muntu, mama. Ni weye njo uliona."

"Juu ya nini ulipita na vidole?"

Alinitazama kama mtu anayeanza kuelewa kosa lake akiwa tayari ndani yake. "Nilikuwa nafanya repetisyo ya Madame," akasema.

Habari ilipita kutoka mgomba hadi mgomba. Mama mmoja akaanza kucheka huku ameziba mdomo, kisha wengine. Papa Bauma alisema, "Nilikimbia bale. Na miaka yangu hii, nilikimbia bale," na hapo hata waliokasirika wakashindwa kujizuia. Tulirudi tukiwa tumelowa. Kwenye nyumba tatu maharagi yalikuwa yameungua.

Koko hakucheka. Alingoja tumefika, akaketi, akasema maneno ambayo yaliniondolea usingizi. "Leo walicheka. Kesho huyu mutoto atapita tena, na watasema, iko repetisyo. Na siku wale watu watakuya kweli, tutapita na vidole, watatuangalia, watasema iko bale. Watakaa na kula. Umesikia? Watakaa na kula."

Nilisikia. Nilimwona kila jirani ameketi mbele ya sahani yake huku sisi tunapita. Kwa hiyo nikamwita Sifa nikamwambia bale imekwisha, nyumbani na Jumamosi pia. Hakubisha. Watoto wa huku hawabishi ukitaja kukimbia. Alichukua vile viatu vya sweta akavipa mdogo wake achezee, na tangu siku hiyo akatembea kwa kisigino, kwa nguvu, ili kila mtu asikie kwamba anatii. Nyumba yote ilisikia. Nilitaka aniambie neno baya nikasirike, akawa ananiuliza tu kama maji yametosha.

Baba yake anachimba mawe ya madini huko Omate, upande wa Walikale, na hupiga simu akipanda mahali penye rezo ya simu. Nilimweleza nikidhani atanisifu. "Huku watoto wa kimo chake wanabeba mawe na mugongo," akasema. "Weye uko na mutoto ambaye mugongo wake walisema iko muzuri. Acha acheze, Mama Sifa. Tafuta namna."

Koko alikuwa karibu, na simu yangu husikika mpaka barabarani. Alizungusha shanga za rozari bila kusali. Mwishowe akasema, "Alama ile ni miye niliiweka. Niliiweka juu watoto waishi. Sikuiweka juu wakae tu." Na jioni hiyohiyo akaenda mwenyewe, mlango kwa mlango, na magoti yake yale.

Siku hizi barabara yetu ina alama nyingine. Anayewaona anaingia nyumbani amegeuza kitunga, kikapu cha shambani, na kukivaa kichwani kama kofia, kimya. Vijana walicheka, wakasema si afadhali tutumiane mesaji. Tukawauliza ni lini mara ya mwisho simu zao zilikuwa na umeme na rezo siku moja. Watoto wadogo wamefundishwa mara nyingi, na hakuna anayeruhusiwa kuvaa kitunga kwa mchezo. Fimbo ni ileile.

Sifa amerudi kwa Madame Aline. Njia bado ina kona na mimi bado nasalimia kwa sauti. Kila jioni anafanya repetisyo uani, uso ameelekeza barabarani, kwa sababu mwalimu amemfundisha kwamba asiyetaka kuanguka lazima akaze macho mbali. Anakaza kwenye mgongo wa kilima, kule njia inakotokea. Mimi napika karibu naye, na macho yangu yako kwenye miguu yake: visigino vikiwa juu, najua hajaona mtu.

Enzi zetu mama yangu aliangalia visigino vyetu, vikiwa chini alipumua. Kanisani tulicheza, nyumbani tulikanyaga, na sisi hatukujua kwamba kuna maisha ya namna nyingine. Tulikuwa na mahindi, nzango, na sketi za pazia, na nikivikumbuka natamani kulia. Wangu mimi anacheza nyumbani, jambo ambalo mimi sikuthubutu, na nilidhani nikimpa hilo nitakuwa nimeiacha hofu ya mama yangu nyuma. Naogopa kuliko alivyoogopa yeye.

Jana jioni, maharagi yakiwa yanachemka, Sifa alikuwa juu ya vidole, shingo imenyooka, macho kule kilimani. Mara akashusha visigino vyote viwili akasimama tu, anatazama mbali. Mdogo wake alikuwa tayari mgongoni mwangu, nguo nimeshaifunga fundo, kabla sijatambua nimefanya nini. Nilitazama kilimani. Njia ilikuwa tupu.

"Iko nini?" nikamwuliza.

"Hakuna kitu, mama. Nimechoka."

Nilimwona kweli amechoka, jasho linamtiririka. Mama mwingine angemwambia aje akae. "Endelea kidogo," nikamwambia. "Endelea tu, mwanangu, mpaka maharagi yaive."