Mashine na Mlango wa Nyuma

Kinyozi wetu tulimwita Mashine, maana mdomo wake haukuzimwa, na sifa alizipenda kupita kiasi. Basi siku moja mteja mlevi akamjia juu na chupa, eti kanyolewa vibaya. Mashine akaona kwenye kioo mlango wa nyuma uko wazi kabisa. Angetoka zake tu! Lakini wateja kwenye benchi wakapiga kelele, "Mashine, usituangushe bwana!" Akamtwanga yule jamaa na stuli, mkono wa mlevi ukavunjika.

Mtaa mzima ukamwita mwanaume wa shoka. Yeye akawa hata usoni hawatazami.

Mlevi akamshtaki. Kabla ya kesi dada yake Mashine akamnong'oneza, "Kaka, sema hukuuona huo mlango. Itakuwa ulijitetea tu, watakuachia."

Hakimu akauliza, "Hukuwa na pa kutokea?"

Mlevi alikuwa pale mbele, mkono kwenye plasta, anahangaika kujifunga kifungo cha shati. Mashine akamtazama, kisha akamgeukia hakimu.

"Nilikuwa napo, mheshimiwa. Mlango niliuona. Ila watu walikuwa wananiangalia."

Wateja wake waliokuja kumshangilia wakainama, kila mtu na viatu vyake.