Kianikio cha Baba Mdogo

Baba Mdogo ni bingwa wa biashara. Duka hana, kibanda hana, hata karanga hajawahi kuuza. Kazi yake ni ulezi wa timu za wanafunzi pale chuoni, wale wanaotaka kuanzisha biashara kabla hata ya kumaliza masomo. Wanamletea mawazo, yeye anayachambua kama mchele. Jioni anarudi amejaa hekima, na sisi wa nyumbani ndio tunaomwagiwa.

"Hawa vijana wanatengeneza kitu kwanza, halafu ndio wanatafuta wa kumuuzia," humwambia Mama Mdogo, mkewe. "Muulize mtu kwanza! Na usimuulize kama anakipenda, atakudanganya kwa adabu. Muulize mara ya mwisho alifanyaje."

"Kweli kabisa, Baba Watoto," Mama Mdogo hujibu, huku akiruka miguu ya kianikio.

Kianikio ni kazi ya mikono ya Baba Mdogo: chuma cha kuanikia nguo ndani ya nyumba, kinakunjika kama mwavuli. Alikitengeneza chumbani mlango umefungwa, asije mtu akamwibia wazo. Kilipokamilika alimuuliza mkewe swali moja tu: "Si kizuri?" Mama Mdogo ana adabu zake. Alisema kizuri.

Kwa ushahidi huo mzito, Baba Mdogo akatangaza kwamba mwisho wa mwezi anaacha kazi, na akiba yote ya nyumba inaingia kwenye vyuma vya kutengenezea vianikio vya kuuza. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Nikaendelea kusugua kijiko kilekile.

Kabla ya kuaga chuoni akataka kujipa raha kidogo. Akaita timu moja ije nyumbani kujizoeza kuhoji wateja.

"Kuna kianikio hapa," aliwaambia. "Kimebuniwa na mtu makini sana. Mhojini mama mwenye nyumba." Akakaa kwenye kochi, mguu juu ya mguu, akisubiri sifa.

Bahati mbaya alikuwa amewafundisha vizuri.

Kiongozi wa timu, binti mwenye miwani, hakuuliza kama ni kizuri. "Mama, mara ya mwisho ulipofua, ulianika wapi?"

Mama Mdogo alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa anatabasamu kama anapigwa picha.

"Kwenye kamba, mwanangu."

"Na mvua ikinyesha?"

"Kwenye viti."

"Na hiki chuma?"

"Hiki mchana hakikai hapa. Jirani anakiazima, anakirudisha jioni."

Baba Mdogo akainuka. "Jamani, lakini kinakunjika..."

"Mwalimu," binti akamkata kwa heshima zote, "ulisema tusitetee bidhaa."

"Siitetei! Nimeitengeneza mimi!"

Vijana wote wakatazama dari. Dari yetu haina cha kutazama.

"Ningekuambia, Baba Watoto," Mama Mdogo alisema polepole. "Uliuliza kama ni kizuri. Ni kizuri. Ila nikikifungua humu, sisi tutoke nje."

Jirani yetu, Mama Magauni, anauza nguo mlangoni kwake. Baba Mdogo alikwenda kumhoji mwenyewe, kianikio begani, timu nzima nyuma yake. Akakalia kigoda.

"Dada, hiki unakitumiaje?"

"Si natundika magauni? Mvua ikija nakikunja, nakimbia nacho ndani. Ila fundi wake sijui alikuwa anawaza nini! Upepo kidogo tu, chali. Nakifunga na tofali."

Baba Mdogo akafungua mdomo. Binti akakohoa. Baba Mdogo akaufunga. Tangu nianze kuishi naye, nilikuwa sijaona jambo hilo.

Mwisho wa mwezi umepita na kazi hajaacha. Anasema wanafunzi bado wanamhitaji. Akiba iko palepale, Mama Mdogo amerudi kulala usingizi, na kianikio kinaongezewa miguu, safari hii barazani kwa Mama Magauni, mlango wazi.

Shida ni kwamba sasa anauliza kila kitu. Jana kaonja mboga, akauliza, "Mama Watoto, mara ya mwisho ilikuwa tamu kuliko hii. Ulifanyaje?"

"Nilikuwa peke yangu jikoni," alijibiwa.