Ushuhuda Wangu wa Memori Kanisani Nyakoe

Jamani, hadi leo masikio yananiwaka! Ijumaa alasiri, Sabato ikikaribia, programu yangu ya mizani za majani chai iligoma kwenye hatua ya mwisho kabisa, pale vipande vyote vinapounganishwa. Kompyuta ikasema memori imekwisha. Mara kumi! Na wakulima wa Manga waliitaka Jumapili.

Kemunto, mwenzangu ofisini, alitaka kusema jambo, nikamnyamazisha. Kugoma huko kulikuwa kazi ya shetani! Nikamkimbilia mchungaji wetu. Akaja, akaweka mkono juu ya kompyuta, akaomba kwa muda mrefu. Alipofika kwenye amina, nikafumbua macho: programu imeungana yote! Nikamkumbatia mchungaji hadi kofia ikaanguka.

Kesho yake kanisani nikaomba nafasi ya ushuhuda. Nililia, nikapiga magoti, nikausimulia muujiza. Ndipo Kemunto akasimama.

"Mchungaji, nyinyi mlipofumba macho, mimi sikufumba. Nilizima yale maelezo ya kutafutia makosa, ambayo huyu mwenzangu alikuwa ameyaweka kwenye kila kipande cha programu, kisha nikaiunganisha upya. Ndiyo yaliyokuwa yanakula memori. Nilijaribu kumwambia, akaniambia ninyamaze."

Kanisa zima likaitika, "Amina!"