Harufu ya Moshi

Nimechoshwa na pua za watu, na yangu ikiwemo. Mimi ni msimamizi wa ubora katika kiwanda kidogo cha mtindi hapa Serengeti. Vipimo vya maji na uchachu tunavyo, lakini harufu bado hunuswa na mtu.

Mtu huyo alikuwa mama mmoja wa makamo, naye mwenyewe mfugaji wa ng'ombe wawili. Kila asubuhi alifungua madumu yaliyoletwa kutoka Machochwe na Nyansurura, akanusa, akasema yapite au yarudi. Nilimpa shikamoo yake na sikumwuliza zaidi.

Kisha maduka ya Mwanza yakaanza kurudisha mtindi wetu. Wateja walisema unanuka moshi. Bosi alikuja amefura kwa hasira, akaniambia yule mama hajui kazi, mwisho wa wiki aondoke. Lakini mtindi uliorudishwa nilikuwa nimeuonja mwenyewe na sikuona kasoro yoyote.

Nikammiminia vikombe viwili, kimoja cha mtindi uliorudishwa na kingine cha ule usiolalamikiwa, bila kumwambia kipi ni kipi. Bosi, ambaye kwao ni Nyambureti, hapa hapa wilayani, akaonja vyote, akarudia cha pili mpaka kikaisha, akafuta midomo.

"Haya ndiyo maziwa," akasema.

Kile cha pili kilikuwa cha mtindi uliorudishwa kutoka Mwanza. Nilipomwambia, sikuwa na hamu ya kumcheka. Huku kwetu kibuyu cha maziwa husafishwa kwa kijinga cha moto, kinasuguliwa ndani mpaka kinukie. Sote tumekua tukijua kwamba maziwa yasiyo na moshi yametoka kwa mtu mvivu. Tungemfukuza mama, tukamfukuza na atakayemfuata, na madumu yale yale yangepita.

Mama akabaki. Tukamwongezea mwenzake, dada aliyekulia Dar es Salaam akaolewa huku. Kila dumu sasa hunuswa na wote wawili, na wasipokubaliana linawekwa kando. Tuliwaomba wafugaji wakamulie kwenye ndoo za chuma badala ya vibuyu. Wengine wakakubali, wengine wakaona tunawatukana. Mtindi haurudi tena. Lakini kila asubuhi namsikia mama akisema safi, dada akisema moshi, na dumu linakwenda kando. Mama anafungua linalofuata. Inaniuma kumtazama.

Juzi alileta maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe. Alifungua dumu, akaliinamia kwa muda mrefu, kisha akalibeba na kuliweka kando kabla dada hajafika. Nikamwambia amsubiri mwenzake anuse, huenda yakapita.

"Hayawezi kupita, mwanangu," akasema, akifunga kifuniko. "Yananukia vizuri sana."