Roboti ya Mwaka Gani?

Jumanne nilikuwa kwenye duka la spea hapa Nakuru, nikingoja plagi za gari langu, mwalimu mmoja wa mtaani kwetu alipoweka mota ya waipa juu ya kaunta.

“Mzee, nataka ingine kama hii.”

“Ya gari gani, madam?”

“Si ya gari. Ni ya roboti. Tuna mashindano Jumamosi.”

Mwenye duka hakutabasamu. Alilamba kidole, akafunua daftari lake. “Roboti ya mwaka gani?”

“Ya mwaka huu. Naiunda mwenyewe, jikoni.”

Kisha akaeleza shida. Gurudumu la kushoto linaendeshwa na mota ya Datsun, la kulia na ya Peugeot, na roboti inazunguka tu mahali pamoja.

“Lazima,” mzee akasema. “Hizo hazivuti sawa. Toa moja, uweke pacha ya ile ingine.”

Nyuma yangu, dereva wa lori aliyekuwa akisoma habari za serikali yetu mpya ya muungano wa vyama viwili alikunja gazeti.

“Boss, na kama huwezi toa hata moja?”

Mzee alifunga daftari lake. “Basi uzoee kuzunguka.”

Mwalimu alipata pacha, akaenda zake. Bahati yake, roboti ina spea.