Unga wa Matanga ya Kabuta

Mimi si mtu wa kulalamika, ingawa mke wangu anasema hiyo ndiyo kazi ninayoifanya bila mshahara. Ile ya mshahara ni kuzunguka na baiskeli kando ya ziwa, nikiandika nyavu na mitumbwi ya kila kijiji kwa ajili ya ofisi moja hapa Nchelenge. Ofisi hurudisha gharama za kazi, nauli, chakula na malazi, mradi ulete risiti. Mhasibu wetu anapenda risiti kuliko bukari, ugali wetu, kwa samaki.

Safari moja nilifika Kabuta nikakuta mitumbwi yote imepinduliwa mchangani. Mzee mmoja mvuvi alikuwa amefariki. Kwetu huku, maiti akiwa hajazikwa hakuna anayeingia ziwani, sembuse kujibu maswali ya nyavu. Na mkono mtupu haulambwi. Mfukoni nilikuwa na kwacha mia tatu na hamsini, lakini si zangu. Mke wangu alinipa nimnunulie chisense, dagaa wetu wa ziwani, ambao huwauzia wateja wa Mansa kila Ijumaa. Nikazimaliza zote kwa mfuko wa unga na sukari, nikaviacha jikoni kwa wanawake, nikisema vimetoka ofisini Nchelenge. Kisha nikaenda kuketi chini na wanaume siku mbili. Siku ya tatu walinionyesha nyavu zote, hata zile za matundu madogo wanazozificha.

Nyumbani sikupewa pongezi.

“Kapitali yangu imeenda kulia Kabuta, miye nabakia kulia hapa,” mke wangu alisema. “Kama Ijumaa franga ya kununua chisense haiko, biashara imekufa.”

Jumatatu nikajaza fomu: matanga, unga na sukari. Mhasibu akavua miwani.

“Ule mwenye alikufa, alikuwa mutu wa kazi yetu?”

“Hapana, mukubwa.”

“Sasa njo biro ilipe?” Biro kwake ni ofisi. “Na risiti iko wapi?”

Hasira zilinipanda mpaka masikioni. Nani anaomba risiti kilioni? Nilikuwa nimefika mlangoni nilipokumbuka daftari. Kila msiba wa huku una daftari lake, linamoandikwa nani ameleta nini, ili wafiwa wajue wa kumrudishia siku yake ikifika. Kama hiyo si risiti, basi sijui risiti ni nini.

Jumatano nilirudi Kabuta kumwomba mjane. Alilikumbatia lile daftari kifuani.

“Ukipoteza ile kaye, tutajua je wa kurudishia?”

Nikaapa nitalirudisha Jumamosi. Akataka rehani, nikamwachia koti langu la pekee.

Alhamisi nikaliweka mezani kwa mhasibu, kifua mbele. Akapitisha kidole mstari kwa mstari, halafu kidole kikasimama. Akasoma kwa sauti ya chini: “Unga mufuko moja na sukari: mutoto wa mama wa Puta, ule wa biro ya Nchelenge.”

Kumbe mama wa Puta ni mama mzazi wa mhasibu. Marehemu alikuwa ndugu wa upande wa mama huyo, na mama alikuwa palepale jikoni mfuko wangu ulipoingia.

“Alinipigia telefone mara tatu,” mhasibu akasema. “Nilikuwa mu ripoti ya mwezi, sikushika.”

Wanawake wote walikuwa wanamtazama mama ambaye mwanawe hakuonekana, ukaja unga kutoka ofisi ya mwanawe, angesema nini zaidi ya kwamba ameuleta yeye? Kwa mara ya kwanza nilimhurumia yule bwana. Akafuta mstari wangu kwenye fomu, akatoa pochi yake mwenyewe na kunilipa kwacha mia tatu na hamsini.

Nilikwenda nyumbani mbio. Mke wangu alihesabu, akacheka, akanisamehe hata makosa ya mwaka jana. Kisha akataka kuuona ule ukurasa. Aliusoma mara mbili, na kicheko kikamwisha.

“Siye tuko wapi?”

“Wapi?”

“Mu hii kaye. Unga ni wa mutoto wa mama wa Puta, na sasa ameulipa kweli. Siye hatukupeleka kintu.”

Akachomoa noti ya mia kwenye kapitali yake, akaibandika kiganjani mwangu.

“Jumamosi ukirudisha kaye, andikisha hii kwa jina letu,” akasema. “Na hii usiijazie fomu ku biro.”