Nilivyokagua Kutu Chini ya Gari la Baba Mdogo

Hadithi hii inanionyesha mjinga, nakuambia mapema ili usichoke kunitetea huko katikati. Juzi rafiki yangu mmoja wa mjini Bukoba alinijia mbio. Ati kuna Mzungu anarudi kwao, anauza kagari kake kakuukuu ka watu wawili, kale ka mbio kasikokuwa na paa, twende nikamsaidie kukakagua kama kana kutu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia, ndugu yangu, katika Tanganyika nzima umekosa mtu, ukaja kwangu? Hakunielewa. Wewe vuta kiti, utanielewa.

Nilikuwa na miaka kumi hivi, nakaa Kanazi kwa bibi. Nyumba ya bibi ilikuwa msonge wa nyasi uliojificha ndani ya kibanja, migomba mbele, migomba nyuma, kahawa katikati. Ukiingia unakanyaga nyasi laini zilizotandikwa chini, zimekatwa huko rweya, kule uwandani nje ya kijiji ambako hakuna migomba. Zikiwa mbichi zinanukia mpaka unasahau njaa. Kazi yangu asubuhi ilikuwa kuchota maji kabla ya shule, jioni kufukuza kuku kwenye kahawa iliyoanikwa. Kuchekesha watu hakuna aliyenituma, hiyo niliifanya bure. Bibi alikuwa akisema, "Huyu mdomo wake ulizaliwa jana, yeye akaufuata leo."

Pale nyumbani alikuwapo pia baba mdogo, mdogo wake baba yangu. Alikuwa fundi cherehani, ana suruali moja ya kutokea, na alikuwa anaumwa. Si malaria. Alikuwa amempenda msichana wa Rubya, kule Muleba, na tulisikia kwamba baba wa yule msichana, mwalimu wa dini, ni mtu mgumu, hatamtoa binti yake kwa kijana anayekuja kwa miguu. Nani alituambia? Simjui mpaka leo. Lakini baba mdogo aliamini. Alisema akimkosa yule hatashona tena hata kifungo. Tulikuwa tukimwona anakanyaga cherehani bila nguo, anakanyaga tu.

Ndipo likapatikana gari. Karani mmoja wa mjini alikuwa amelinunua kwa Mzungu, naye sasa analiuza, jekundu, viti viwili, pua ndefu, limelala chini kama chura anayevizia. Likija unalisikia kabla halijavuka kilima. Jirani yetu, fundi baiskeli, ambaye ndiye aliyekuwa injinia wa kijiji kizima, alimshika baba mdogo mkono akamwambia, "Usitazame rangi. Rangi ni kanzu ya Jumapili. Tazama tumbo. Tazama chini ya miguu ya abiria, tazama kwenye kingo za milango. Ukiona limepakwa lami mpya kwa chini, jiulize kuna nini kimefunikwa. Halafu choma na bisibisi. Chuma kizima kitakukatalia." Mwalimu wetu naye shuleni alikuwa akisema kutu haipigi hodi. Mimi nilikuwa nimeikariri ile sentensi, natamba nayo kila mahali, na ndiyo iliyoniponza. Baba mdogo alisema, "Huyu mtoto anaijua kutu, wamefundishwa." Tena gari lilikuwa chini mno. Mtu mzima asingepita, hasa mtu mzima mwenye suruali moja.

Karani alilileta asubuhi moja ya mvua za Novemba. Uani kwetu palikuwa tope. Bibi akasema mgeni hakanyagi tope, akachukua zile nyasi zilizoletwa kutoka rweya alfajiri ile, akatandika uani, gari likaegeshwa juu yake kama mwali. "Nyegera waitu," akamkaribisha karani, akamletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Mimi nikapewa bisibisi ya fundi baiskeli, nikalala chali, nikaingia uvunguni.

Sasa nikukumbushe ni msimu gani. Ni Novemba. Alfajiri ile senene, wale panzi wetu wa kuliwa, walikuwa wameanguka rweya, na bibi alikata nyasi pamoja nao. Gari lile lilikuwa na joto bado, chini pakavu, pana kiza kizuri. Senene wote wa uani walikuwa wamehamia pale. Rafiki yangu, walikuwa wengi! Wa kijani, wa kahawia, wanene, wamekaa kwenye nyasi wananisubiri. Na nje, nilikuwa naona miguu ya watoto watatu wa jirani, wamechuchumaa, wanangoja nitoke tu.

Nikachomeka shati ndani ya kaptula, nikaanza kujaza kifuani.

"Vipi huko?" baba mdogo akauliza.

"Bado natazama!"

"Gonga tusikie."

Nikagonga kile chuma kinene cha katikati, kile ambacho hata ukigonge na nyundo ya reli hakisemi kama gari limeoza. Kikalia ngaa, kama kengele ya kanisa.

"Umesikia, bwana?" karani akasema. "Hilo ni chuma cha Ulaya."

"Choma chini ya kiti cha abiria," akasema baba mdogo.

Hapa ndipo ninapojichukia. Nilichoma. Lami ilikuwa mpya, inanuka, na bisibisi ikaingia mpaka kwenye mpini, kama imechoma ndizi iliyoiva. Vipande vya kahawia vikanidondokea usoni. Nilijua. Usiseme nilikuwa mtoto, nilijua kabisa. Lakini nikapiga hesabu haraka: nikisema, watanivuta nje, gari litasukumwa, fundi baiskeli ataitwa, maneno yatakuwa mengi, na wale watoto watatu watabeba senene wote. Mbele ya pua yangu palikuwa na kundi ambalo sijaligusa.

"Kizima!" nikapiga kelele. "Kinakataa kabisa!"

Baba mdogo alishangilia kama mtu aliyetolewa jela. Pesa za kahawa ya misimu miwili zikaondoka na karani. Mimi nilitoka uvunguni nikiwa na kifua kama cha mama mnyonyeshaji, bibi akawachambua senene mabawa na miguu, akawakaanga kwa chumvi tu, mafuta wanayo wenyewe. Sijawahi kula senene watamu kama wale. Wala sijawahi kula wachungu kama wale.

Jumapili tukaenda Rubya. Mimi nilibanwa nyuma ya viti pamoja na kibuyu cha rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, na kila shimo barabarani nilikuwa nasali. Tulifika salama. Mzee wa Rubya, baba wa msichana, alitoka na koti lake, viatu vinang'aa, akalizunguka gari mara mbili. Msichana alikuwa amesimama mlangoni na mama yake, anatazama chini kama inavyotakiwa, ila jicho moja linatazama juu. Baba mdogo akasema, "Mzee, karibu, nikuzungushe mpaka kanisani urudi, majirani wakuone."

Mzee akakaa pale. Kiti cha abiria. Nilitaka kusema. Mdomo wangu, ule uliozaliwa kabla yangu, nikaufumba, nikajibana tena nyuma ya viti.

Tulipita watu waliokuwa wakitoka kanisani, mzee akapunga mkono. Kwenye kona ya mteremko nikasikia sauti kama mtu anapasua kuni mbichi. Sakafu ikaondoka. Yote. Mzee alikuwa bado amekaa, ameshika mlango, lakini chini miguu yake ilikuwa inakimbia barabarani. Alikimbia vizuri kwa umri wake. Kiatu kimoja kikabaki nyuma, watoto wa Rubya wakakiokota wakawa wanatukimbiza nacho.

Gari likasimama. Mzee akatazama tundu, akamtazama baba mdogo. "Kijana," akasema, "ulisema utanizungusha. Mbona ni mimi niliyekuwa nakuzungusha?"

Baba mdogo alishuka, akapiga magoti kwenye tope na ile suruali moja, akavua viatu vyake, akamvika mzee. Vilikuwa vikubwa. Kisha akaanza kulisukuma gari peku kupanda mlima, mzee akiwa anaburuza viatu pembeni yake, mimi nasukuma nyuma huku nalia. Tulipofika uani kwao akanigeukia, mbele ya watu wote. Hakunipiga. Alisema polepole, "Uliingia kule chini kufanya nini?"

Nikasema. "Nilikuwa naokota senene." Nikasema na bisibisi ilivyoingia, na watoto watatu, na yote. Msichana akaingia ndani haraka akiwa ameziba mdomo, nasi tukamsikia huko ndani akicheka mpaka kikombe kikaanguka.

Walioana kabla ya kahawa nyingine kuvunwa, na mimi sikuelewa kwa nini. Nilidhani mzee alituhurumia tu.

Siku hizi ukienda Kanazi huoni tena msonge wa bibi. Bibi mwenyewe tumemzika kwenye kibanja, na nyumba iliyopo pale ni ya bati, sakafu ya saruji, mgeni akija hakuna wa kwenda rweya kumkatia nyasi. Lile gari lilivutwa mpaka nyumbani, likakaa kati ya migomba miaka mingi. Kuku walitagia kwenye kiti cha abiria. Watoto waliendesha humo safari ndefu za Mwanza na Kampala. Kutu ililila taratibu, bila haraka, mpaka siku moja nikatafuta ile pua ndefu nikakuta mgomba umepita katikati yake. Fundi baiskeli alihamia Uganda, sikumsikia tena. Ninachokikosa zaidi ni ile sauti ya asubuhi, bibi anatikisa nyasi mbichi kabla ya kuzitandika, shaa, shaa.

Mwaka jana nilimtembelea mama mdogo, yule msichana wa Rubya, sasa ana watoto watano na sauti ya kuamuru. Nikamwomba msamaha, hatimaye, kwa kile nilichomfanyia mchumba wake. Akaacha kumenya ndizi akanitazama kama mtu aliyechelewa kufika msibani.

"Mtoto wewe," akasema, "siku ile mlipofika tu jibu likawa hapana. Mama yangu aliona lile gari akasema, viti viwili tu? Huyu anamchukua binti yangu, na mimi wakija kunichukua niwatembelee nitakaa wapi? Lilipovunjika ndipo akasema, haya, sasa tunaweza kuongea."